Mkono wa Jóhild na Mapigo Hamsini

Kitu cha kwanza ambacho Bartal alikiona kwa Jóhild hakikuwa uso wake, wala sauti yake iliyoweza kusikika juu ya injini tatu zikiunguruma kwa pamoja. Kilikuwa mkono wake wa kulia. Mkono huo haukujua kupumzika. Ungeshika kikombe cha kahawa, ungekuna sikio, ungekusanya makombo ya keki mezani, lakini baada ya muda ulirudi palepale: ukingoni mwa meza ya udhibiti, kando ya kitufe cha kijani cha kuwashia injini. Hapo ulitulia kama paka aliyerudi kwenye mto wake.

Bartal alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Denmark na shahada yake ya uhandisi wa umeme, pamoja na viatu vyembamba ambavyo matope ya kijiji cha Tangavík yaliviharibu kabla ya wiki kwisha. Kazi aliyopewa ilikuwa nzuri kuitaja na ngumu kuifanya. Alitakiwa kukiwezesha kisiwa hiki cha kusini mwa Visiwa vya Faroe kuishi kwa upepo peke yake kila unapovuma, bila injini hata moja ya dizeli kuzunguka. Mlimani palikuwa na mitambo ya upepo. Nyuma ya kituo cha umeme yalipangwa makontena meupe ya betri. Na katika banda jipya kando ya bahari lilikuwapo gurudumu zito la chuma, lililozungushwa mchana kutwa bila kusaga wala kuvuta chochote, ili uzito wake uusaidie umeme usiyumbe.

Jóhild, mwendeshaji mkongwe kuliko wote kituoni, aliyapokea mambo haya mapya kwa kuyabatiza. Makontena ya betri aliyaita mafriza, kwa sababu yalifanana kabisa na yale ya kiwanda cha samaki. Gurudumu zito aliliita Hanus.

Hanus alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake Elspa, mvuvi mstaafu ambaye siku nzima aliizunguka gati ya Tangavík, mikono mfukoni, bila shughuli yoyote ijulikanayo.

"Hanus anaendeleaje leo?" angeuliza Jóhild akiingia zamu.

"Anazunguka vizuri," angejibu Bartal, ambaye mwanzoni alilijibu swali hilo kwa uso mkavu, akifikiri ni jina rasmi la mtambo.

"Hajafanya kazi yoyote?"

"Hapana, mama mdogo. Haikusudiwi afanye kazi. Kazi yake ni kuwapo."

"Basi nimempa jina sahihi."

Bartal alimwita mama mdogo kwa sababu Jóhild alikuwa binamu wa mama yake. Kisiwani hapa si rahisi kumpata mtu wa kumwita mgeni. Na Hanus mwenyewe, habari zilipomfikia, hakukasirika hata kidogo. Alikuja hadi kwenye banda, akalitazama gurudumu lililopewa jina lake likizunguka, akasema lina afya njema.

Jóhild alizaliwa katika nyumba ya paa la nyasi juu ya ghuba, mtoto wa pili wa Niklas, baharia aliyejulikana kisiwa kizima kwa jambo moja. Niklas alikuwa kiongozi wa dansi ya duara. Dansi hiyo haina ngoma wala zumari. Watu hushikana mikono, hupiga hatua, na miguu yao juu ya sakafu ya mbao ndiyo inayoshika mwendo, huku kiongozi akiuanza kila ubeti na wengine wakidakia. Niklas alikuwa na utenzi wake, mrefu mno, wa ndugu wawili waliogombania shoka la baba yao mpaka shoka lenyewe likaamua kuzama baharini. Hakuuandika popote. Aliumwagia binti yake kichwani, ubeti kwa ubeti, wakati wa kukata manyoya ya kondoo.

Niklas alipofariki, wote walijua kwamba utenzi umebaki kwa Jóhild. Watu walikuwa na kiitikio tu. Lakini tangu maziko yale, ndugu wawili na shoka lao hawakusikika tena ukumbini, kwa sababu iliyokuwa wazi na isiyo na ubishi: kila ilipofika Jóansøka, sikukuu ya katikati ya kiangazi ambapo kisiwa kizima hucheza, Jóhild alikuwa zamu.

"Nani atakaa na injini?" angeuliza, akikunja mikono. "Nyinyi mnataka kucheza, mnataka taa, na mnataka kahawa baadaye. Injini haijiwashi."

Ilikuwa kweli. Wenzake walikuwa na watoto wadogo, yeye hakuwa na mtoto. Alichumbiwa mara mbili, na mara zote mbili, kama Hanus alivyopenda kusimulia, mchumba alimkuta yuko zamu akarudi zake. Kwa hiyo miaka ilipita, na kwa kila Jóansøka Jóhild alikaa kituoni, mkono wake ukingoni mwa meza, akisikia kwa mbali miguu ya watu ikipiga mbao za ukumbi.

Sasa mambo yalikuwa yanataka kubadilika. Heini, meneja wa kituo, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu asiyoivua hata ndani, alitoa sharti lake mbele ya wote. Lifanyike zoezi moja safi, alasiri nzima, bila injini yoyote. Betri zikifaulu, basi siku ya Jóansøka kituo kitalindwa kwa simu inayoonyesha hali ya umeme, na hakuna atakayekaa zamu. Zisipofaulu, zamu itakuwa kama kawaida.

Kama kawaida maana yake ilikuwa Jóhild. Kila mtu aligeuka kumtazama, naye akatazama dirishani kana kwamba kuna meli inapita. Hapakuwa na meli.

Bartal alilichukua jambo hili moyoni. Aliona, kwa ari ya kijana ambaye bado hajashindwa mara nyingi, kwamba lazima Jóhild aelewe mitambo ili aiamini. Akamketisha kwenye chumba cha kahawa, akashika kalamu.

"Mama mdogo, umeme wetu una mapigo hamsini kwa sekunde. Sawa?"

"Najua. Nimeyaangalia mapigo hayo kabla hujajua kuvaa suruali."

"Sawa. Sasa, kiwanda cha samaki kikiwasha mashine za barafu, mapigo yanataka kushuka. Zamani injini nzito zilikuwa zinazunguka, na kitu kizito kinachozunguka hakipunguzi mwendo ghafla. Kinakupa nafasi. Tukizima injini, uzito huo unaondoka. Mfumo unakuwa mwepesi. Ukiguswa kidogo tu, unayumba."

Jóhild akapuliza kahawa yake. Bartal akaona haingii, akatafuta mfano wa nyumbani.

"Fikiria dansi ya duara. Wakiwamo watu wazito kwenye duara, vijana hawawezi kuuharakisha mwendo, wala mlevi mmoja hawezi kuuvuruga. Wale wazito wanaushikilia."

"Wazito kina nani?"

"Watu... wenye mwili."

"Taja jina."

"Sina mtu maalumu, mama mdogo. Ni mfano."

"Mbona unanitazama kiunoni?"

Bartal aliiva uso mpaka masikioni. Jóhild alimwacha aive vizuri, kisha akamsogezea sahani ya keki yenye jamu ya rubabu, mashina machachu ya bustanini.

"Kula, mwanangu. Endelea. Mimi nimeshika duara. Na hayo mafriza yako?"

"Betri ni kama mtu mwepesi sana, aliye macho. Ukijikwaa, amekushika mkono kabla hujaanguka. Hata hujui kwamba ulijikwaa."

"Mtu wa namna hiyo simpendi," alisema Jóhild. "Nikijikwaa nataka nijue."

Hata hivyo, kesho yake alionekana gatini akimweleza Hanus kwamba mafriza yanacheza dansi. Maelezo yake yalikuwa na makosa mengi, lakini aliyatoa kwa fahari.

Siku ya zoezi upepo ulivuma vizuri, wa kaskazini-magharibi, wa kutosha kuwalaza kondoo nyuma ya mawe. Bartal alizima injini ya kwanza, kisha ya pili. Alipoizima ya tatu, jambo lilitokea ambalo hakuna hesabu yake iliyolitaja: kimya. Tangu kituo kijengwe, chumba kile hakijawahi kunyamaza. Bomba lilisikika likidondosha maji. Tumbo la Bartal lilisikika likinguruma. Nje, shakwe alipita, na ilikuwa kana kwamba amepita ndani ya chumba.

"Kama msiba," alisema Jóhild kwa sauti ya chini.

"Ni kufaulu huko, mama mdogo. Tazama skrini. Hamsini kamili."

Alasiri ikasogea. Bartal alikuwa akianza kufikiri maneno ya kumwambia Heini, maneno ya unyenyekevu lakini yenye uzito wake, wakati kiwanda cha samaki kilipowasha mashine zake zote za barafu kwa pamoja. Taa hazikuzimika. Hazikufifia hata. Sindano ya kipimo cha zamani ukutani ilitikisika tu, ikashuka unywele mmoja, na betri tayari zilikuwa zimeukamata umeme na kuurudisha.

Lakini mkono wa Jóhild ulikuwa umeshaiona sindano. Kidole kikabonyeza kitufe cha kijani. Nyuma ya ukuta injini ikakohoa, ikanguruma, sakafu ikaanza kutetemeka kama siku zote, na uso wa Jóhild ukatulia kwa raha ya mtu aliyesikia mtoto wake akirudi kutoka shuleni. Raha hiyo haikudumu. Alimtazama Bartal, kisha akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemsahau mezani.

"Bartal, mwanangu. Nani amewasha?"

Bartal aliuondoa mkono huo mezani taratibu.

Heini alipoambiwa, alivuta kofia yake chini kidogo. "Injini imewaka," alisema. "Zoezi halikuwa safi."

"Lakini betri zilifanya kazi," Bartal alisema. "Ziliukamata kabla hata..."

"Nimesema nataka zoezi bila injini. Injini imewaka. Tutarudia mara moja kabla ya Jóansøka. Mara moja."

Habari zilizunguka gati haraka kuliko Hanus, na Hanus mwenyewe akazileta kituoni jioni hiyo, pamoja na kipande cha nyama kavu ya kondoo cha kujikaribishia. Alikaa, akatoa kisu, akakata vipande vyembamba, akampa Bartal, akampa Jóhild, akatafuna kwa muda.

"Shemeji," alisema hatimaye, "nimesikia uliogopa mafriza."

"Sikuogopa. Mkono ulitangulia."

"Mkono." Hanus alitikisa kichwa kwa huruma ya uongo. "Huo mkono una akili sana. Unajua kwamba zoezi likifaulu, Jóansøka huna zamu. Na ukikosa zamu, watu watakupeleka katikati ya duara, watakwambia, haya, Jóhild, ndugu wawili na shoka. Mkono ukaona, afadhali injini."

"Kula nyama yako, Hanus."

"Nakula. Nyama yangu haiogopi kitu."

Jóhild hakucheka. Aliinuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Bartal, ambaye mpaka wakati huo aliamini kwamba tatizo lake ni la umeme, alianza kuona kwamba sehemu yake kubwa haimo kwenye skrini. Hanus alipoondoka, Bartal alimfuata Jóhild kwenye sinki.

"Mama mdogo, ni kweli?"

"Nini?"

"Kwamba hutaki."

Aliendelea kuosha. "Baba alikuwa na sauti," alisema. "Akianza, nyumba ilisimama wima. Mimi nina kelele. Kelele si sauti. Na beti zile nimekaa nazo peke yangu miaka yote, nazisema hapa, na injini. Injini haijawahi kuniambia nimekosea."

"Kwa hiyo unataka kwenda, au hutaki?"

"Wewe mtoto, Denmark walikufundisha kuuliza maswali ya namna hiyo?" Akafuta mikono, kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetupa kitu kabla hajabadili mawazo, "Nataka. Ndiyo maana mkono ulikwenda. Sasa ondoka, niache na vikombe vyangu."

Njia ya kuuzuia mkono ilibuniwa na Jóhild mwenyewe. Siku ya zoezi la pili aliingia kituoni na mfuko wa nyuzi za sufu.

"Mikono yangu haiwezi kukaa bure," alimwambia Heini, aliyekuja safari hii kushuhudia kwa macho yake. "Nitaipa kazi. Namfumia Bartal sweta, maana alichokuja nacho kutoka Denmark ni shati la kulalia."

Heini alikagua sindano za kufumia kana kwamba ni vifaa vya umeme. "Kanuni hazikatazi," alisema.

Injini zikazimwa. Kimya kikarudi, ila safari hii kilikuwa na mlio mdogo wa sindano ndani yake. Jóhild alifuma mkono wa sweta akitazama kipimo ukutani, na mtu angeweza kuijua hali ya umeme wa kisiwa kwa kuvitazama vidole vyake tu. Upepo ulipotulia, alifuma polepole. Mashine za barafu zilipowashwa kiwandani, sindano ya kipimo ilishuka unywele mmoja, na Jóhild akafuma kama anayekimbizwa. Bartal alisimama kati yake na kitufe, kwa tahadhari.

"Siendi popote," alisema Jóhild kwa meno yaliyobanana. "Toka mbele yangu, unaniziba."

Sindano ya kipimo ikapanda. Hamsini. Kisha ukaja mtihani ambao kila mtu kisiwani anaujua: watu kutoka kazini, na Tangavík nzima kuweka birika jikoni kwa wakati mmoja. Sindano ikatikisika tena, betri zikatoa, gurudumu zito likashikilia mwendo wake, na hakuna aliyekunywa kahawa vuguvugu. Heini alitazama saa, akatazama skrini, akavua kofia yake. Ndipo Bartal alipogundua kwamba meneja wake ana upara, na akaelewa kwamba zoezi limefaulu.

"Safi," alisema Heini, akaivaa tena.

Jóhild aliuinua mkono wa sweta kwenye mwanga. Huku mwanzoni ulikuwa na upana wa kawaida. Katikati ulibanwa ghafla, ukawa mwembamba kama soksi ya mtoto mchanga, kisha ukatanuka, kisha ukabanwa tena.

"Hapa ni kiwanda," alisema, akigusa. "Hapa ni kahawa."

"Nitauvaa hivyohivyo," alisema Bartal.

"Hutauvaa. Watu watasema sijui kufuma." Akaanza kuufumua papo hapo, na kwa mara ya kwanza tangu Bartal amfahamu, alikuwa akitabasamu bila kumcheka mtu.

Tangu siku hiyo kisiwa kilimgeukia Jóhild. Dukani aliulizwa kama koo linaendelea vizuri. Elspa alitoa kabatini vazi la sikukuu, kizibao chenye vifungo vya fedha na mnyororo wake, akagundua kwamba kizibao kimemngoja dada yake muda mrefu mno bila kukua pamoja naye. Akakaa kukiachia mishono, pini mdomoni.

"Vuta pumzi," alisema Elspa.

"Nikivuta pumzi siwezi kuimba."

"Sasa huimbi. Sasa unapimwa. Vuta."

"Bartal anasema uzito ni jambo jema," alisema Jóhild kwa dharau. "Unashikilia mwendo."

"Bartal na aje basi akushonee."

Na Bartal, alipopita nje ya ukumbi wa injini asubuhi moja, alisikia sauti ndani. Injini zote zilikuwa zimezimwa, kwa maana upepo ulikuwa mwingi. Jóhild alikuwa amesimama mbele ya injini ya tatu, iliyopoa, kitambaa cha kufutia mafuta mkononi, akiiimbia habari za ndugu wawili. Hapakuwa tena na muungurumo wa kumficha. Alifika ubeti fulani akakwama, akarudi, akakwama tena palepale, akaitukana injini, akaanza upya. Bartal aliondoka kwa ncha za viatu, ambavyo sasa vilikuwa vya mpira, kama vya watu wengine wote.

Jóansøka ikafika na jua lisilotaka kuzama. Mashua za kasia zilishindana ghubani, Tangavík ikashindwa kama ilivyozoea, na watu wakapanda kwenda ukumbini wakiwa bado wanabishana juu ya nani aliyeshika kasia vibaya. Juu ya mlima mapanga ya mitambo yalizunguka. Kituoni hakukuwa na mtu. Bartal alikuwa na simu ya zamu mfukoni, na kila baada ya muda aliitoa kuitazama. Hamsini. Hanus alimwambia aache, maana sasa mkono wa Jóhild umemhamia yeye.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Tvøroyri walikuwapo, na wa Vágur, na wengine walioshuka kwenye feri kutoka Tórshavn, mji mkuu, kwa sababu tu wamesikia uvumi. Duara la kwanza lilifungwa, likajikunja ndani kwa sababu ukuta ulikuwa karibu, likawa duara ndani ya duara. Vijana walikuwa wameshaanza kutikisa magoti. Wazee walisimama imara katika nafasi zao, miguu wazi kidogo, wakingoja.

Jóhild alisimama mlangoni, vifungo vya fedha vikimeta, akimshika Elspa mkono kwa nguvu kiasi cha Elspa kulalamika.

"Ubeti wa shoka kuzama," alinong'ona. "Unaanza na upepo au unaanza na maji?"

"Mimi najua kiitikio tu," alisema Elspa. "Nenda."

"Kama umeme ukikatika?"

"Tutaimba gizani," alisema Hanus nyuma yao. "Na giza lenyewe usiku huu halipo. Nenda, shemeji, watu wana kiu."

Aliingia. Duara lilifunguka kumpokea, kati ya mvuvi mmoja mnene na mhudumu wa posta, wakamshika mikono yote miwili, wa kushoto na wa kulia, likafungwa tena. Mazungumzo yalikufa moja baada ya jingine, kutoka karibu naye hadi ukutani. Bartal alijikuta upande wa pili wa duara, simu mfukoni, mikono yake imeshikwa na watu asiowajua vizuri, akiwa hawezi tena kuitazama hata kama angetaka. Mguu wa kushoto wa kila mtu uliinuka kidogo kutoka sakafuni. Jóhild alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, kwa kadiri mishono ya Elspa ilivyomruhusu, na ukumbi wote ukamngoja.